Keria ya Baiskeli na Amana ya Tela la Familia Tatu

Familia tatu za msikiti wetu mjini Leicester, Uingereza, tulichanga fedha tukanunua tela dogo la kupigia kambi. Ni kijumba cha magurudumu mawili, chenye vitanda na jiko dogo, kinachovutwa na gari la kawaida la familia. Kila nyumba ina zamu yake wakati wa likizo za shule. Watoto wanaokulia mijini ughaibuni hupata humo nafasi ya kuona milima, kusikia adhana ikitolewa na baba yao penye nyasi, na kula katika sinia moja na wazazi wasio na haraka ya kwenda kazini.

Kiangazi kilichopita, zamu yetu ilipofika, watoto waliomba tuchukue na baiskeli. Ombi hilo lilitufundisha jambo ambalo tungependa kuwashirikisha wasomaji, kwani halihusu matela ya Ulaya peke yake. Linamhusu kila anayefunga mzigo juu ya chombo na kuingia nao barabarani.

Mkia ulipotaka kumvuta ng'ombe

Tulinunua keria iliyokwisha kutengenezwa, tukaining'iniza nyuma ya tela, tukapakia baiskeli nne. Kwa macho yetu hapo ndipo mahali pake. Tulisoma dua ya safari tukaondoka.

Katika barabara kuu, kwenye mteremko mdogo, lori kubwa lilitupita. Upepo wake ulilisukuma tela, nalo likaanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa samaki, kila myumbo ukizidi uliotangulia. Aliyekuwa kwenye usukani hakukanyaga breki kwa ghafla wala hakukata kona. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akaushika usukani sawa, na mwendo ulipopungua tela likatulia. Nyuma watoto walikuwa kimya kabisa. Tulitoka barabarani, tukazifungua baiskeli mbili na kuziingiza ndani ya tela, tukarudi nyumbani polepole.

Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Lakini hatukuweza kujiambia kwamba ilikuwa kadari tu na yakaisha. Tulijua kuna kitu tulichokifanya vibaya, ila hatukujua ni kipi.

Tela ni mizani

Baada ya sala ya Ijumaa tulimwendea mzee wetu mmoja wa msikitini, fundi mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika gereji za malori mjini Mombasa. Watoto humwita Babu. Alitusikiliza, kisha akaitisha karatasi.

"Wanangu, tela ni mizani," alisema. "Ekseli ndiyo kitovu chake. Mkiweka uzito mbele, ulimi unalemea gari. Mkiweka nyuma, ulimi unanyanyuka, na tela lenye ulimi mwepesi halifuati gari. Hujitafutia njia yake."

Ulimi ni ile sehemu ya chuma iliyo mbele ya tela, inayoungana na gari. Tulipima. Tela likiwa na mizigo yetu ya kawaida lilikuwa na kilo 560, na ulimi ulilemea gari kwa kilo 30. Kutoka kwenye ekseli hadi ncha ya ulimi ni mita 2.5. Keria na baiskeli nne zilikuwa kilo 60, zikining'inia mita 2 nyuma ya ekseli. Zidisha 60 kwa 2, gawanya kwa 2.5: ni kilo 48 za kuunyanyua ulimi uliokuwa na kilo 30 tu. Gari letu lilikuwa likivuta tela lililotaka kuling'oa kutoka nyuma.

Dawa yake ilikuwa kuhamishia keria mbele, juu ya ulimi. Hapo pia kuna mpaka, kwani kiungo cha gari letu hakiruhusiwi kulemewa zaidi ya kilo 75. Baiskeli zote nne zingeuvuka. Tukaamua mbili za watu wazima zikae mbele, na mbili ndogo za watoto zilazwe ndani, juu ya ekseli, ambapo hazielemei upande wowote.

Haki ya mshirika

Njia rahisi ilikuwa kutoboa chesisi na kuchomelea vyuma moja kwa moja. Lakini tela si letu peke yetu. Tuliwaeleza washirika wetu, na mmoja wao akakataa kwa upole: siku moja litauzwa, na tundu katika chesisi hupunguza thamani na huanzisha kutu. Tuliona uzito kidogo moyoni, kisha tukakumbuka kwamba mali ya ushirika ni amana, na mshirika hana ruhusa ya kuibadilisha bila ridhaa ya wenzake. Tena alikuwa na hoja. Babu naye alisema chesisi ya tela huchorwa kwa hesabu, na kila tundu huiondolea nguvu.

Hivyo keria ilibidi iwe ya kufungwa na kufunguliwa, isiyoacha alama.

Jinsi ilivyoundwa

Sehemu inayobaki kwenye ulimi ni bamba la chuma lililobanwa kwa boliti nne za umbo la U zinazozunguka vyuma vya ulimi, na mpira mwembamba katikati ili rangi isikwaruzwe. Juu ya bamba kumechomelewa vipande viwili vifupi vya bomba la mraba la milimita 50, lenye unene wa milimita 4. Ndani yake huingia miguu ya keria, ambayo ni bomba la milimita 40. Pini nene hupita pande zote mbili ikafungwa kwa klipu, na boliti ya pembeni hukaza ule mwanya mdogo uliobaki ili keria isicheze. Uchomeleaji tulimwachia fundi. Kupima, kukata na kupaka rangi tulifanya wenyewe pamoja na watoto.

Juu, magurudumu ya baiskeli hukaa ndani ya mifereji ya alumini, na nguzo moja ya katikati hushika fremu zake. Usukani wa baiskeli moja huelekea kulia na wa pili kushoto, ili zisigongane. Mikanda ya kukaza ni miwili kwa kila baiskeli. Ile mipira ya tyubu tuliyozoea kuiona kwenye keria za mabasi ya nyumbani tuliiacha, kwa sababu hunyumbuka, na kinachonyumbuka huachia.

Kisha tukajaribu. Gari lilikatwa kona hadi mwisho, kulia na kushoto, tukahakikisha baiskeli haziligusi. Tukaweka mizani ya bafuni chini ya ncha ya ulimi, juu yake kipande cha mbao, tela likiwa limelala sawasawa. Ilisoma kilo 62. Tuliposogeza boksi la vyombo nyuma kidogo ya ekseli, ikashuka hadi 55. Faida nyingine ni kwamba taa na namba za nyuma ya tela sasa haziziwi na kitu, jambo ambalo sheria ya hapa inalisisitiza.

Kufunga, kisha kutegemea

Imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Allah, naye akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Hadithi hiyo tumeisikia tangu utotoni. Siku ile barabarani tulikuwa tumesoma dua, na ngamia wetu hakuwa amefungwa.

Tumefundishwa pia kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Baiskeli inayoanguka mbele ya gari la mtu mwingine ni udhia tulioupeleka njiani kwa mikono yetu.

Zamu iliyofuata tulikwenda Monsal Trail, njia ya baiskeli katika milima ya Peak District iliyokuwa zamani njia ya treni, yenye mahandaki marefu ya kupita. Baada ya mwendo mfupi wa kwanza tulisimama kukagua boliti, kwani vyuma vipya hujilegeza. Binti yetu wa miaka 11 ndiye aliyezunguka na spana. Alivuta kila mkanda, akatikisa nguzo, akarudi garini.

"Imefungwa," alisema. "Sasa tusome dua."