Mmea mwenyeji na mmea wa kienyeji

Maana

Mmea mwenyeji (wingi: mimea wenyeji) ni mmea ambao mdudu hutagia mayai na ambao viwavi wake hula hadi wakomae. Mwenyeji wa watu humpokea mgeni, humlisha na kumpa mahali pa kulala. Elimu ya viumbe imeliazima neno hilo kwa maana iyo hiyo, kama inavyosemwa kuwa binadamu ni mwenyeji wa minyoo. Mmea wa kienyeji ni kitu kingine: ni mmea wa asili ya mahali fulani, ambao haukuletwa kutoka nje.

Mkanganyiko na athari zake

Tofauti ya istilahi hizi huonekana wazi katika ua wa nyumba wilayani Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera. Kando ya migomba huweza kupatikana mlimau au mchungwa. Miti hiyo asili yake ni Asia, kwa hiyo si ya kienyeji. Hata hivyo, ni wenyeji wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, aitwaye kitaalamu Papilio demodocus, aliyeenea katika sehemu kubwa ya Afrika. Kiwavi wake mchanga hufanana na kinyesi cha ndege; akikua huwa wa kijani, na akiguswa huchomoza pembe laini yenye harufu kali. Mfasiri akiandika “panda mimea ya kienyeji ili upate vipepeo” mahali palipokusudiwa mimea wenyeji, msomaji ataupuuza mlimau ulio mlangoni pake.

Mmea mwenyeji utofautishwe pia na mmea wa nekta. Maua huwalisha vipepeo wengi waliokomaa, lakini kiwavi huhitaji jani, tena jani la mmea maalumu. Kipepeo jike hulionja jani kwa miguu kabla ya kutaga. Danaus chrysippus, mwenye rangi ya kahawia ya machungwa, hutafuta mimea yenye utomvu mweupe wa sumu. Kiwavi huila sumu hiyo na kuihifadhi mwilini, na ndege hujifunza kumwepuka. Catopsilia florella hutafuta mimea ya jenasi ya Senna, ambayo mjohoro ni mmojawapo. Bustani yenye maua tele bila mimea wenyeji hutembelewa na vipepeo, lakini haiwazalishi.

Istilahi moja, mashauri mawili

Katika maandishi ya kilimo, neno mwenyeji huweza kubeba onyo. Kiazi kitamu, zao lililotoka Amerika, ni mwenyeji wa Acraea acerata, kipepeo mdogo anayefahamika katika ukanda wa Maziwa Makuu kwa kuharibu mashamba ya viazi. Viwavi wake wachanga hukaa kwa makundi ndani ya utando juu ya majani. Wakikua hutawanyika, hujificha ardhini mchana na kula usiku. Wakiwa wengi hubakiza vikonyo vitupu. Njia rahisi ya kuwadhibiti ni kuchuma na kuteketeza majani yenye utando kabla viwavi hawajatawanyika. Kwa hiyo “mimea wenyeji” hupandwa katika kitabu cha bustani na hung’olewa katika kijitabu cha kinga ya mazao. Mfasiri hana budi kumtaja mdudu anayehusika. Istilahi peke yake haitoshi.

Maneno ya karibu

*Kiwavi* ni hatua ya pili ya maisha ya kipepeo au nondo, baada ya yai.

*Buu* (wingi: mabuu) hutumika zaidi kwa mtoto wa nzi. Katika vitabu vya sayansi huwa na maana pana ya hatua hiyo kwa wadudu wengi, sawa na *lava*.

*Kiluwiluwi* ni mtoto wa mbu au wa chura aishiye majini. Halifai kwa kipepeo.

*Pupa* ni hatua ya utulivu kabla ya mdudu kutoka na mabawa.

*Nondo*, kwa maana ya mdudu, ni jamaa wa kipepeo ambaye kwa kawaida huruka usiku. *Kiwavijeshi* (wingi: viwavijeshi), adui wa mahindi, huwa nondo, si kipepeo.

Upatanisho wa kisarufi

Kipepeo na kiwavi yana umbo la ki-/vi-, lakini yanataja viumbe hai. Hivyo huchukua upatanisho wa a-/wa-.

Sahihi: Kipepeo huyu ametaga. Viwavi wale wamekula majani yote.
Si sahihi: Kipepeo hiki kimetaga. Viwavi vile vimekula majani yote.

Katika mmea mwenyeji, kitenzi hufuata mmea, nalo mwenyeji hubaki na wingi wake wa wenyeji.

Sahihi: Mimea wenyeji imekauka.
Si sahihi: Mimea wenyeji wamekauka.

Mfano wa matumizi

“Usinyunyizie dawa mlimau kabla ya kuwatambua viwavi waliopo: mlimau ni mmea mwenyeji wa kipepeo, na mti uliokomaa huweza kuvumilia kupoteza majani machache. Mche mchanga ulindwe kwa kuwaokota viwavi kwa mkono na kuwahamishia kwenye mti mkubwa.”