Uchambuzi wa data za wingu katika lahajedwali

Uchambuzi wa data za wingu katika lahajedwali ni njia ya kuchuja, kuhesabu na kufupisha data nyingi zilizomo katika hifadhidata ya wingu kwa kutumia ukurasa wa lahajedwali, bila kuzihamishia data zote kwenye kompyuta ya mtumiaji. Matokeo yake mara nyingi huwekwa katika dashibodi, yaani ukurasa mmoja wenye majedwali mafupi na chati zinazoonyesha hali ya jambo fulani.

Msingi wa njia hii ni mmoja: swali ndilo linalopelekwa mahali data zilipo, na jibu pekee ndilo linalorudi.

Istilahi

Lahajedwali ni programu inayopanga data katika safu mlalo na safu wima. Mahali safu hizo zinapokutana huitwa seli. Seli huweza kuwa na namba, maneno au fomula.

Hifadhidata ni mkusanyiko wa data uliopangwa kwa utaratibu maalumu ili programu iweze kuzitafuta na kuzihesabu kwa haraka. Hifadhidata ya wingu ni ile iliyomo katika seva za kampuni au taasisi na kufikiwa kwa njia ya intaneti.

Ulizo ni swali linaloandikwa kwa lugha ambayo hifadhidata inaielewa. Lugha inayotumika zaidi ni SQL.

Jedwali pivoti ni jedwali la muhtasari. Hukusanya safu mlalo zenye sifa moja na kutoa idadi, jumla au wastani wa kila kundi.

Historia

Lahajedwali na hifadhidata zilikua kwa njia mbili tofauti. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM nchini Marekani, alieleza namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Katika miaka iliyofuata Donald Chamberlin na Raymond Boyce, pia wa IBM, walibuni lugha iliyokuja kuitwa SQL.

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston na kuuzwa kuanzia mwaka 1979. Lotus 1-2-3 ilifuata mwaka 1983, na Microsoft Excel mwaka 1985. Google ilianza kutoa lahajedwali inayotumika ndani ya kivinjari mwaka 2006.

Kwa muda mrefu hifadhidata kubwa ilikuwa kazi ya wataalamu, na lahajedwali ilikuwa chombo cha karani, mhasibu na mwalimu. Siku hizi kuna zana zinazounganisha pande hizo mbili. Mwaka 2019 Google ilitangaza Connected Sheets, inayounganisha lahajedwali yake na hifadhidata ya BigQuery. Excel nayo ina Power Query, ambayo huunganishwa na hifadhidata za aina nyingi na, inapowezekana, huiachia hifadhidata yenyewe kazi ya kuchuja na kujumlisha.

Mipaka ya lahajedwali ya kawaida

Kila lahajedwali ina kikomo. Faili la Excel la muundo wa zamani wa XLS lina safu mlalo 65,536 tu katika ukurasa mmoja. Tangu toleo la mwaka 2007 kikomo ni safu mlalo 1,048,576 na safu wima 16,384.

Madhara ya kusahau kikomo hicho yalionekana Uingereza mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19. Matokeo ya vipimo yaliyotoka maabara yalikuwa yakiingizwa katika mafaili ya XLS. Kila mgonjwa alichukua safu mlalo kadhaa, hivyo faili lilijaa mapema na data zilizozidi zikaachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba. Wenyewe walikuwa wameshapewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa, na ugonjwa ukapata nafasi ya kuenea.

Jinsi inavyofanya kazi

Mtumiaji anapofungua lahajedwali iliyounganishwa, huona safu mlalo chache tu za mfano. Data nyingine zote hubaki katika seva. Anapotengeneza jedwali pivoti au chati, programu hubadilisha maagizo yake kuwa ulizo la SQL na kulituma. Seva nyingi hugawana kazi ya kusoma na kujumlisha, kisha hurudisha muhtasari.

Hifadhidata kama BigQuery huhifadhi data kwa safu wima. Ulizo linalohitaji saa ya safari pekee halilazimiki kusoma nauli, umbali na mengineyo. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupata jibu la mamilioni ya safu mlalo kwa muda mfupi.

Mfano: safari za teksi za Chicago

Mji wa Chicago nchini Marekani umetangaza kwa umma data za safari za teksi zilizofanyika tangu mwaka 2013. Nakala yake imo katika BigQuery, ikiwa na safari zaidi ya milioni 100. Kila safari ina safu mlalo yake yenye safu wima 23, zikiwemo muda wa kuanza, umbali, nauli, bakshishi na njia ya malipo. Safari milioni 100 pekee zingehitaji kurasa 96 za Excel, zote isipokuwa ya mwisho zikiwa zimejaa.

Tuseme mwanafunzi anataka kujua ni saa ngapi za siku teksi hutumika zaidi. Hatua zake ni hizi:

1. Kuunganisha lahajedwali na jedwali la safari.
2. Kuongeza safu wima ya hesabu inayotoa saa, kuanzia 0 hadi 23, kutoka katika muda wa kuanza safari.
3. Kutengeneza jedwali pivoti lenye saa upande wa kushoto na idadi ya safari upande wa kulia.
4. Kuchuja mwaka anaoutaka.
5. Kuchora chati ya matokeo na kuiweka katika dashibodi.

Jedwali linalorudi lina safu mlalo 24 tu, ingawa limetokana na mamilioni ya safari.

Makosa ya kawaida

Dashibodi haionyeshi kwamba swali liliulizwa vibaya. Chati huchorwa vizuri hata kama hesabu si sahihi. Makosa yafuatayo hutokea mara nyingi:

Kutojua data zilivyokusanywa. Katika data za Chicago, bakshishi inayotolewa kwa pesa taslimu kwa kawaida haiandikwi. Anayetafuta wastani wa bakshishi kwa safari zote atadhani kwamba wanaolipa taslimu ni wachoyo, kumbe bakshishi zao hazimo katika kumbukumbu. Swali hilo linafaa kuulizwa kwa safari zilizolipiwa kwa kadi pekee.

Kuchukua wastani wa wastani. Tuseme mtaa wa kwanza una safari 10 zenye wastani wa nauli ya dola 20, na wa pili una safari 990 zenye wastani wa dola 10. Wastani wa namba hizo mbili ni dola 15. Lakini nauli zote ni dola 200 na dola 9,900, yaani dola 10,100 kwa safari 1,000. Wastani halisi ni dola 10.10. Hesabu ya jumla iachiwe hifadhidata, isifanywe juu ya muhtasari.

Kusahau tarehe. Muhtasari hubaki vilevile mpaka uhuishwe, kwa mkono au kwa ratiba. Dashibodi inapaswa kuonyesha ilihuishwa lini na kichujio gani kinatumika.

Njia rahisi ya kujikagua ni kuchukua siku moja, kuhesabu safari zake kwa ulizo la pekee, na kulinganisha na namba iliyo katika dashibodi.

Gharama na faragha

Huduma nyingi za wingu hutoza malipo kwa kiasi cha data kinachosomwa au kwa nguvu ya kompyuta inayotumika. Kuchagua safu wima zinazohitajika tu na kuchuja kwa tarehe hupunguza gharama, hasa pale jedwali lilipogawanywa kwa tarehe.

Faragha nayo huhitaji uangalifu. Chicago hukadiria muda wa safari kwa robo saa iliyo karibu na haitoi namba halisi ya teksi. Jiji la New York lilipotoa data za safari za teksi za mwaka 2013, namba za magari zilikuwa zimefichwa kwa njia dhaifu, na mwaka 2014 ilionekana kuwa zinaweza kufichuliwa. Kwa hiyo muhtasari wa makundi ndio unaofaa kusambazwa, na makundi yenye watu wachache mno yafichwe.

Afrika Mashariki

Wazo hilohilo hutumika katika DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na kutumika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Si lahajedwali, lakini una majedwali pivoti na dashibodi. Taarifa za vituo vya afya huwekwa katika hifadhidata kuu, na ofisa wa wilaya huweza kuona muhtasari wa wilaya yake kwa kivinjari. Hapa pia ni muhimu kujua ni vituo vingapi vilivyoleta taarifa. Idadi ya wagonjwa wa malaria ikishuka katika chati, huenda malaria imepungua, au huenda baadhi ya vituo havijaleta taarifa za mwezi huo.