Namba Moja Kutoka Nairobi

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, majira ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni milipuko lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kulipuka. Dakika chache tu zikapita, ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam nao ukapigwa. Waliokufa Nairobi walikuwa 213, Dar es Salaam 11. Maelfu walijeruhiwa, wengi kwa vioo vya madirisha waliyoyasogelea baada ya kusikia kishindo cha kwanza. Jengo la Ufundi, lililopakana na ubalozi wa Nairobi, liliporomoka na kuwafukia waliokuwamo.

Mmoja wa waliokuja na lori lile alitoka mbio kabla halijalipuka. Alijeruhiwa, akatibiwa, na siku chache baadaye akakamatwa humo humo Nairobi. Wapelelezi walipomhoji, aliwatajia namba ya simu ya nyumba moja mjini Sanaa, Yemen. Nyumba hiyo ilikuwa kituo cha mawasiliano cha kundi la kigaidi la al-Qaeda. Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilikuwa likiisikiliza.

Msomaji aishike namba hiyo, maana mjadala mzima wa serikali kukusanya simu za watu wote umeizunguka.

Mwanzoni mwa mwaka 2000, mtu aitwaye Khalid al-Mihdhar aliingia Marekani na kukaa San Diego, California. Mwenye nyumba ile ya Sanaa alikuwa baba mkwe wake. Kutoka San Diego aliipigia nyumba hiyo simu mara kadhaa. NSA iliyanasa mazungumzo hayo, ila haikutambua kwamba mpigaji alikuwa ndani ya Marekani. Septemba 11, 2001, al-Mihdhar alikuwa katika ndege iliyogonga makao makuu ya jeshi, Pentagon. Siku hiyo walikufa karibu watu 3,000.

Uchungu wa msiba ule ndio uliozaa wazo la kukusanya kila kitu. Kuanzia Oktoba 2001 NSA ilianza kupokea rekodi za simu za Wamarekani kwa wingi, na kuanzia 2006 mahakama ya siri ikawa inatoa vibali. Wananchi hawakuambiwa. Mwezi Juni 2013 Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi za NSA kupitia kampuni binafsi, alitoa nyaraka zilizoonyesha amri ya mahakama inayoitaka kampuni ya simu ya Verizon ikabidhi rekodi za wateja wake kila siku. Januari 2014, Rais Barack Obama alipouelezea mpango huo hadharani, alitaja simu ya San Diego kama pengo ambalo mpango huo ulibuniwa kuliziba.

Serikali ilisisitiza kwamba haisikilizi maneno ya watu. Ilichukua tu namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa na muda wa maongezi, yaani metadata. Je, ni kitu kidogo hicho? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya uchunguzi wa rekodi za simu za watu 823 waliojitolea. Mmoja wao alipigiwa simu ndefu na idara ya magonjwa ya moyo, akaongea kidogo na maabara, akapokea simu za duka la dawa, kisha akapiga namba ya huduma ya kifaa cha kupimia mapigo ya moyo. Watafiti hawakusikia hata neno moja, na bado waliujua ugonjwa wake. Utafiti mwingine, wa mwaka 2013, ulitazama nyendo za simu za watu milioni moja na nusu katika nchi moja ya Ulaya. Ulionyesha kuwa sehemu nne tu na saa ulizopita hapo zinatosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote. Mtu anayejua kwamba umepigia kliniki, kisha mwanasheria, kisha ndugu yako saa nane usiku, hana haja kubwa ya kusikia mlichozungumza.

Rekodi hizo zilipekuliwa kwa hatua. Mchambuzi alianza na namba ya mshukiwa, akatazama wote waliowasiliana naye, kisha waliowasiliana na hao, kisha tena waliowasiliana na hao wa pili. Tuseme kila mtu huwasiliana na watu 100. Hatua ya kwanza ina watu 100, ya pili 10,000, ya tatu milioni moja, na hao wote wametokana na mshukiwa mmoja. Katikati ya mtandao huo zimo namba za huduma kwa wateja, za mabenki na za maduka, ambazo gaidi amezipigia kama alivyozipigia jirani yako.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwageuka wakusanyaji. Tuchukue mfano wa kubuni. Nchi ina watu milioni 300, na miongoni mwao magaidi ni 1,000. Tuipe serikali mashine bora kuliko yoyote iliyopo: inamtambua gaidi kwa asilimia 99, na kwa raia mwema inakosea asilimia moja tu. Mashine hiyo itawanasa magaidi 990. Itawanyooshea kidole pia raia wema karibu milioni tatu. Kila jina linalotoka kwenye mashine lina nafasi moja kati ya 3,000 hivi ya kuwa la gaidi kweli. Ni askari wangapi watakaobisha hodi kwenye milango milioni tatu? Na wakiwa huko, nani atabaki kumfuata yule anayejulikana?

Uhaba wa magaidi ndio chanzo cha tatizo hili. Kitu kikiwa adimu mno, hata kosa dogo la kipimo huzaa makosa mengi kuliko majibu sahihi. Madaktari wanalifahamu hilo: kuwapima watu wote ugonjwa adimu huwatia hofu wengi wasioumwa, ndiyo maana kwanza hutafuta dalili.

Basi mpango wenyewe ulileta nini? Mwaka 2013 mkuu wa NSA, Jenerali Keith Alexander, alidai kwamba programu za upelelezi zilisaidia kuvuruga mipango zaidi ya 50 ya kigaidi. Alipobanwa na maseneta Oktoba mwaka huo, iliyobaki kwa upande wa rekodi za simu za ndani ilikuwa moja, pengine mbili. Januari 2014 bodi huru ya serikali inayosimamia faragha na haki za raia ilitoa ripoti baada ya kupitia nyaraka za siri. Haikupata hata tukio moja la kutishia Marekani ambalo mpango huo ulibadilisha matokeo ya uchunguzi wake. Mtu pekee ambaye bodi iliona aligunduliwa kwa msaada wa mpango huo alikuwa dereva wa teksi wa San Diego, mzaliwa wa Somalia, aliyeshtakiwa kwa kupeleka fedha kwa al-Shabaab, dola zipatazo 8,500. Hakuwa na mpango wa kushambulia Marekani. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa, ingawa haikufuta hatia yake, ilitamka kwamba ukusanyaji ule ulivunja sheria.

Mwezi Juni 2015 Bunge la Marekani lilibadilisha utaratibu: rekodi zibaki kwa kampuni za simu, na serikali iombe za mshukiwa aliyetajwa. Hata hivyo, mwaka 2018 walengwa 11 tu walizalisha rekodi zaidi ya milioni 434. Kati ya 2015 na 2019 mfumo huo mpya uligharimu dola milioni 100 na kuzaa taarifa za kijasusi 15. Mbili tu ndizo zilizokuwa na jambo ambalo wapelelezi wa FBI hawakulijua tayari. NSA yenyewe iliuzima.

Siamini kwamba serikali haina haki ya kugusa simu. Bodi ile ile iliona manufaa katika upelelezi unaowalenga watu maalumu walio nje ya Marekani. Mwaka 2009 njama ya kulipua treni za chini ya ardhi jijini New York ilivuja kwa sababu wapelelezi walikuwa wakiifuatilia anwani ya barua pepe iliyojulikana kuwa ya al-Qaeda huko Pakistan. Alama ilikuwapo kwanza, wakaifuata. Kinyume chake, mabomu yalipolipuka Boston, Aprili 2013, mpango wa kukusanya simu zote ulikuwa ukifanya kazi. Mkubwa kati ya ndugu wawili walioshambulia alishahojiwa na FBI mwaka 2011, na bado hawakuzuiwa.

Sasa turudi kwenye namba ya Sanaa. NSA ilikuwa nayo. Shirika la ujasusi, CIA, lilijua tangu Januari 2000 kwamba al-Mihdhar ana viza ya Marekani, lakini jina lake liliingizwa kwenye orodha ya kuzuiwa Agosti 2001, wiki chache kabla ya shambulio. Kujua nani anaipigia nyumba moja ya Sanaa hakukuhitaji rekodi za mamilioni ya watu. Kulihitaji ofisi moja iiambie ofisi ya pili ilichokuwa nacho.

Wananchi wa Nairobi na Dar es Salaam walilipa kwa damu, na katika vifusi vya msiba wao ndimo ulimopatikana uzi huo: mtu mmoja akakamatwa, akahojiwa, akataja namba. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanyika. Kuwaambia wafiwa kwamba dawa ya uzembe ule ni kuzikusanya simu zao wenyewe ni kuwatwisha deni lisilo lao.