KUPIMA OKSIJENI YA MTOTO MCHANGA BILA SINDANO

Likizo iliyopita dada yangu alijifungua kabla ya miezi yake kutimia. Mpwa wangu alikuwa na kilo 1 na nusu tu. Alipumua mbiombio, na mbavu zikabonyea kila alipovuta hewa, maana mapafu ya mtoto kama huyo hayajapata bado ule ute unaozuia vifuko vya hewa visishikamane. Alipewa oksijeni puani, na mguuni akafungwa kitambaa chenye taa ndogo nyekundu. Mashine ikaandika 91. Nilitaka kujua 91 ya nini.

Zamani oksijeni ilitolewa kwa kukisia. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani na nchi nyingine tajiri ziliwalaza watoto njiti katika visanduku vilivyojaa oksijeni, na maelfu wakapofuka. Mwaka 1951 Daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alionyesha kwamba oksijeni nyingi ndiyo iliyoshukiwa, kwani huharibu mishipa midogo ya jicho lisilokomaa. Basi ikapunguzwa sana, na wengine wakafa kwa kuikosa.

Kwa nini wasipime damu? Mtoto wa kilo 1 ana damu ya mililita 80 hadi 100 hivi. Haijazi kikombe cha chai. Ukiichota kila saa utammaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Renate Huch na Albert Huch wa Ujerumani walitumia kipimo cha kubandika juu ya ngozi. Kiliipasha ngozi joto hata oksijeni ikapenya nje, lakini ilibidi kukihamisha kila baada ya saa chache kisimwunguze mtoto.

Njia ya taa ilitoka Japani mwaka 1974, kwa mhandisi Takuo Aoyagi. Nani kati yetu hajaziba kurunzi kwa vidole bwenini akaviona vyekundu? (Kiranja asisome hapa.) Damu iliyoshiba oksijeni huupitisha mwanga mwekundu, damu yenye njaa huumeza. Chombo hutuma mwanga huo pamoja na mwingine usioonekana kwa macho, kisha hulinganisha kiasi kinachotokea upande wa pili. Lakini nyama na mfupa navyo humeza mwanga. Aoyagi alitambua kwamba vitu hivyo havibadiliki, ila damu ya mishipa itokayo moyoni huongezeka kila moyo upigapo. Chombo kikihesabu kile kinachobadilika tu, kimeipata damu hiyo peke yake.

Kumbe 91 ni sehemu katika 100 za damu iliyobeba oksijeni. Kwa mtoto njiti anayepewa oksijeni, hospitali nyingi hulenga 90 hadi 95. Ikishuka huongezwa, ikikaribia 100 hupunguzwa upesi, kwa ajili ya macho.

Jambo moja latuhusu sisi hasa. Ngozi nyeusi nayo humeza mwanga. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wazima weusi, chombo kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni karibu mara 3 kuliko kwa weupe. Nilimwuliza muuguzi kama aiamini ile 91. Akanijibu, "Naitazama, mwanangu, kisha nafunua shuka nitazame mbavu." Akafunua, akaongeza oksijeni kidogo.