Mbwa Baani: Nani Analeta Pesa, Nani Anakimbia

Septemba 2018, kampuni ya JD Wetherspoon, iliyokuwa na baa karibu 900 nchini Uingereza na Ireland, ilipiga marufuku mbwa katika baa zake zote, ndani hadi bustani za nje. Waliobakishiwa ruhusa ni wale waliofundishwa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Kampuni ilieleza kwamba inauza chakula kingi, inapokea familia zenye watoto wadogo, na kwamba mbwa, hata awe mpole namna gani, hatabiriki.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, BrewDog, kampuni ya bia kutoka Scotland, ilikuwa imetangaza likizo ya wiki moja yenye malipo kwa mfanyakazi yeyote anayechukua mbwa mpya nyumbani. Baa zake zilikuwa wazi kwa mbwa, na si kwa shingo upande; mbwa walikuwa sehemu ya matangazo yake.

Kampuni mbili, nchi moja, bia ileile, na majibu yanayopingana kabisa. Hakuna iliyokosea, kwa sababu kila moja inachuma kwa njia yake. Wetherspoon inategemea wingi wa wateja: bei ya chini, jiko linalofanya kazi tangu kifungua kinywa hadi usiku, na meza inayobadilisha walaji mara nyingi kwa siku. Katika biashara ya namna hiyo, mbwa aliyelala njiani anamchelewesha mhudumu, na mtoto anayelia kwa woga anaiondoa familia nzima. Mwenye baa ndogo ya kijijini yuko katika hali nyingine. Shida yake si msongamano. Shida yake ni saa nane mchana siku ya Jumanne, viti vitupu, moto unawaka, mshahara wa mhudumu unahesabika.

Huyo ndiye anayemhitaji mbwa. Vijijini Uingereza watu hutembea kwa miguu kwa burudani, milimani, kando ya mifereji na kwenye fukwe, na wengi wao hutembea kwa sababu mbwa lazima atembezwe, mvua inyeshe au jua liwake. Safari ya saa mbili ikikatika mbele ya baa, mtu anataka kuketi, anywe kitu, pengine ale. Akikuta kibao cha kuzuia mbwa, hamfungi mbwa nje akaingia peke yake. Anaendelea na safari yake.

Tena mara nyingi hayuko peke yake. Watu wanne wakitoka pamoja na mmoja wao akawa na mbwa, baa inachaguliwa na mbwa. Watatu wasiofuga chochote watakwenda kule anakoruhusiwa, na hapo ndipo hesabu ya mwenye baa inapobadilika: hajakosa mteja mmoja, amekosa bili ya meza nzima. Mabishano mengi kuhusu suala hili yanazungumzia mapenzi na chuki kwa wanyama, na jambo hili dogo la watu wanne na mbwa mmoja linasahauliwa, ilhali ndilo lililofungua milango mingi kuliko mapenzi.

Milango hiyo ilifunguliwa wakati biashara yenyewe ikibanwa. Kwa takwimu za chama cha wenye viwanda vya bia na baa cha Uingereza, nchi hiyo ilikuwa na baa takriban 60,800 mwaka 2000. Kufikia 2024 zilikuwa zimebaki kama 45,000. Marufuku ya sigara ndani ya majengo ya umma, iliyoanza England Julai 2007, iliondoa sehemu ya wateja wa zamani. Bia ya dukani ni nafuu zaidi. Kisha ikaja korona, na Machi 2020 baa zote zikafungwa kwa amri ya serikali. Wakati milango ya baa imefungwa, watu walikuwa wakitafuta watoto wa mbwa: chama cha watengenezaji wa vyakula vya mifugo ya nyumbani kilikadiria Machi 2021 kwamba kaya milioni 3.2 zilikuwa zimechukua mnyama wa kufuga tangu janga lianze. Idadi ya mbwa nchini humo inabishaniwa. Shirika la tiba ya wanyama la PDSA lilitaja kama milioni 10.6 mwaka 2024, watengenezaji wale wa vyakula vya mifugo wakataja milioni 13.5 mwaka huohuo. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo, kundi hilo la wateja haliwezi kupuuzwa na mfanyabiashara anayehesabu senti.

Baa iliyolielewa soko hili inajulikana ukiingia tu. Karibu na mlango pana bakuli la chuma lenye maji, limewekwa pembeni ili mhudumu mwenye trei asilikanyage. Juu ya kaunta kuna chupa pana ya kioo yenye biskuti za mbwa. Chumba cha baa kina sakafu ya mawe au mbao, na humo mbwa wanaruhusiwa. Chumba cha kulia chakula kina zulia, na humo hawaruhusiwi. Mgawanyo huu ni wa kizamani na ndio unaofanya kazi vizuri kuliko mwingine wote. Anayependa mbwa anajua akae wapi, anayewaogopa anajua akae wapi, na mfanya usafi anajua tope litaishia wapi.

Kisha kuna pesa za pembeni. Baa zenye vyumba vya kulala hutoza ada ya ziada ya kila usiku kwa mbwa, na wageni hulipa bila kulalamika, maana mbadala wake ni kumlipia mbwa malazi kwingine. Kuna soseji za mbwa, na kuna hata "bia" za mbwa zisizo na kilevi. Nchini Uingereza inauzwa ile iitwayo Bottom Sniffer. Marekani kampuni ya Anheuser-Busch iliingiza sokoni Busch Dog Brew mwaka 2020, ambayo kwa hakika ni mchuzi wa mifupa ya nguruwe uliotiwa kwenye kopo. Faida ya kopo moja si kubwa. Kubwa ni picha ya mbwa na kopo lake inayosambazwa na mwenye mbwa mitandaoni, tangazo ambalo baa haikulilipia.

Gharama nazo zipo, na nyingi hazionekani kwenye daftari. Sakafu inapigwa deki mara nyingi zaidi. Mbwa wawili wasiopatana wanaweza kuvuruga ukumbi mzima kwa dakika moja. Mhudumu anaweza kujikwaa kwenye kamba akiwa na sahani za moto, na bima ya biashara lazima ilijue hilo mapema. Jiko lenyewe lina vitu vinavyomdhuru mbwa, kama chokoleti, vitunguu na zabibu, na mteja mkarimu wa meza ya jirani akirusha kipande, lawama zinamrudia mwenye baa. Lakini gharama nzito kuliko zote ni mteja anayeondoka kimya. Mwenye mzio wa manyoya, mama aliyewahi kuona mwanawe akiumwa, Mwislamu anayejali twahara: hawa hawaandiki malalamiko. Hawarudi tu, na mwenye biashara hajui kamwe alipoteza kiasi gani.

Sheria, kinyume na wanavyodhani wengi, mara nyingi haikatazi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya usafi wa chakula, namba 852 ya mwaka 2004, inadai wanyama wa kufuga wazuiwe kufika mahali chakula kinapotayarishwa, kushughulikiwa au kuhifadhiwa. Ukumbi wa walaji umeachiwa uamuzi wa mwenye biashara, na Uingereza imebaki na utaratibu huohuo baada ya kujitoa kwenye umoja. Anachokatazwa mwenye baa wa Uingereza ni kumfukuza mtu mwenye mbwa msaidizi: Sheria ya Usawa ya 2010 inalihesabu hilo kuwa ubaguzi. Hapa hapana nafasi ya biashara kuchagua, na ni haki iwe hivyo. Asiyeona anamtegemea mbwa wake kama macho, na desturi hiyo Uingereza ina umri wa karibu karne moja, tangu mbwa elekezi wanne wa kwanza walipofundishwa mwaka 1931.

Hispania imechukua hatua inayostahili kuigwa. Sheria yake ya ustawi wa wanyama ya 2023 inawaachia wenye migahawa hiari ya kupokea wanyama, lakini asiyetaka lazima aweke alama inayoonekana kutoka nje. Kibao kimoja mlangoni kinamaliza ugomvi ambao vinginevyo ungetokea mezani, mbele ya wateja wengine.

Marekani ilianzia upande wa pili, wa kukataza, ikalegeza kidogo kidogo. Florida ilipitisha mwaka 2006 sheria inayoruhusu serikali za mitaa kuwapa migahawa vibali vya kupokea mbwa katika maeneo ya nje, kwanza kama majaribio ya miaka mitatu. Masharti yake yanasomeka kama mwongozo wa kazi: dawa ya kutakasa mikono kila meza, mfanyakazi aliyemgusa mbwa anawe mara moja, mbwa asipande kiti wala meza, vifaa vya kusafishia uchafu viwe karibu. California ilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2015, ikaongeza kwamba mbwa aingie kwa lango la nje, asipitishwe katikati ya ukumbi. Hatimaye mwongozo wa taifa wa usafi wa chakula, toleo la 2022, ukakubali mbwa kwenye meza za nje pale mamlaka husika inaporidhia. Huko mpaka umehama kutoka lango la nje hadi mlango wa ukumbi, Ulaya hadi mlango wa jiko, na mlango huo wa mwisho umebaki umefungwa kote.

Wapo walioona kwamba kama mbwa analeta wateja, basi baa ijengwe kwa ajili yake. Bar K ilifunguliwa Kansas City mwaka 2018: uwanja mpana wa mbwa kukimbia bila kamba, wahudumu wa kuwasimamia, chakula na vinywaji kwa wenye mbwa, uanachama wa kulipia. Ilisifiwa sana, ikapanuka hadi miji mingine, na mwanzoni mwa 2024 ikafunga milango ya Kansas City. Uwanja mkubwa una kodi kubwa, wasimamizi wanataka mishahara, na siku za baridi kali watu hubaki nyumbani. Mbwa anaiongezea pato baa inayojiendesha. Kumbebesha biashara nzima ni hatari.

Afrika Mashariki suala hili lina sura nyingine. Ipo migahawa ya bustani Nairobi, hasa vitongoji kama Karen, inayowapokea mbwa wa wateja. Ila mbwa anayefahamika zaidi katika baa zetu hana mwenyewe. Ni yule anayezunguka chini ya meza za nyama choma akingoja mfupa, ametoka hakuna ajuaye wapi, hana kamba, hana kadi ya chanjo. Mteja anamrushia mfupa, mhudumu anamfukuza kwa ufagio, baada ya dakika tano amerudi.

Huyo ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu vifo vyote vinatokana na mbwa. Asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa karibu hana tumaini la kupona. Kinachookoa ni kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kuwahi sindano. Wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, maambukizi hukatika, na Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu kufikia 2030. Mwenye baa anayeacha mbwa wasiojulikana wale masalio chini ya meza anarudisha nyuma kazi hiyo, na anahatarisha watoto wa wateja wake mwenyewe.

Pwani, hesabu ni nyingine tena. Waislamu wengi wa Unguja, Lamu na Mombasa ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mgahawa unaomtengea mbwa sahani ileile ya binadamu hauwezi kuwatarajia wateja hao warudi, hata kama sahani imepita kwenye mashine ya kuoshea. Mwenye hoteli ya kitalii anayetaka kuwaridhisha wageni wenye mbwa na bado akabaki na majirani zake, basi ampokee mbwa bustanini, kwa chombo chake cha chuma kisichoingia jikoni kamwe.

Serikali zisimamie mlango wa jiko, chanjo, na haki ya mwenye mbwa msaidizi. Yaliyobaki wayaamue wenye baa na migahawa, kila mmoja kwa biashara yake. Anayetaka kujaribu aanze na meza za nje na siku zisizo na wateja wengi, aulize kadi ya chanjo kabla ya kuuliza kinywaji, aikague bima yake, na alinganishe mauzo ya miezi mitatu na ya miezi mitatu iliyotangulia. Asiyetaka mbwa asione haya kukataa. Ila wote wawili waandike uamuzi wao mlangoni, kwa herufi ambazo mteja atazisoma kabla hajaingia.