Rekodi Moja ya Gatwekera Inahitaji Nafasi Kiasi Gani?

Mwaka 2009, vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kupita vijijini mwao wakiwa na vifaa vya GPS, wakirekodi vyoo, mabomba ya maji, zahanati na shule. Mradi wao, Map Kibera, ukaziingiza data hizo katika OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Mwaka huohuo sensa ilihesabu watu wapatao 170,000 Kibera, ilhali kwa miaka mingi watu walikuwa wakitaja hata milioni moja. Makisio yasiyopimwa hupotoka kiasi hicho, hata kwa anayetaka kujua seva ya ukubwa gani itamtosha.

Tuchukue choo kimoja cha Gatwekera, kijiji cha Kibera, katika MongoDB, hifadhidata inayoweka kila rekodi kama waraka. Kitambulisho kinachotolewa na mfumo ni baiti 12. Latitudo, longitudo na tarehe ni baiti 8 kila moja. Jina "Choo cha Gatwekera" ni baiti 18, kwa kuwa herufi za Kiswahili huchukua baiti moja moja. Kiamhari kingetumia tatu kwa kila herufi. Ila majina ya sehemu za rekodi huandikwa upya ndani ya kila waraka: neno "latitudo" tu linakula baiti 8, sawasawa na namba inayolifuata. Ukiongeza jina la kijiji na alama za mfumo, jumla ni baiti 126. Nyaraka 10,000 za namna hiyo hazifiki hata megabaiti 1.3.

Kisha mtu anaambatisha picha ya simu, megabaiti 2. Picha hiyo moja inachukua nafasi ya nyaraka zaidi ya 15,000!

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuorodhesha vyoo vya Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, kisihangaike kufupisha "latitudo" iwe "lat". MongoDB hubana data kabla ya kuiandika diskini, na maneno yanayojirudia hubanika vizuri. Kipige picha mia moja kwa simu zilezile zitakazotumika, kipate wastani, kizidishe. Kiongeze nafasi ya faharasa na ya nakala za akiba.

Pia kihesabu miaka ijayo. OpenStreetMap hutunza kila toleo la kila pointi, hata bomba lililokwisha ng'olewa. Mwaka 2013 namba za pointi zake zilipita 2,147,483,647, kikomo cha namba ya baiti 4 yenye ishara, na programu zilizokuwa zimezitengea baiti 4 zikalazimika kuzipa 8.