Tiba ya Sehemu za Nafsi kwa Watu Wenye Usonji: Somo la Soweto East

Tiba ya sehemu za nafsi ni njia ya ushauri nasaha inayomchukulia kila mtu kuwa na sauti nyingi ndani yake, kila sauti ikiwa na hofu yake na kazi yake. Mwasisi wake ni Richard Schwartz, mtaalamu wa tiba ya familia aliyefanya kazi Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadhi ya waliomjia walikuwa wasichana waliokula kupita kiasi kisha wakajitapisha. Walipoulizwa kinachowasukuma, walisimulia upande mmoja unaolazimisha kula na upande mwingine unaotukana baada ya hapo. Schwartz akaanza kuzisikiliza pande hizo kama alivyozoea kuwasikiliza ndugu waliogombana. Kitabu chake kuhusu njia hiyo kilichapishwa mwaka 1995.

Mgawanyo wake ni rahisi kushika. Kuna sehemu zinazosimamia maisha ya kila siku, zikipanga, zikionya na kukagua ili mtu asiaibike. Hizo huitwa wasimamizi. Nyingine huingia ghafla maumivu yakizidi na kuyazima kwa lolote lililo karibu, iwe pombe, simu, hasira au usingizi. Hizo ni wazima moto. Nyuma yao zimefichwa sehemu changa zilizobeba aibu na hofu za zamani, nazo huitwa wahamishwa. Juu ya hayo Schwartz anashikilia kwamba kila mtu ana Nafsi tulivu isiyoharibika hata baada ya mateso. Dai hili la mwisho liko karibu na imani kuliko sayansi, na asiyelikubali anaweza kuliweka kando bila kuipoteza njia yenyewe.

Kwa mtu mwenye usonji, msimamizi mkuu huwa mara nyingi ni yule anayemfundisha kujificha. Tangu utotoni ameambiwa awatazame watu machoni, aache kupepea mikono, asirudierudie maneno, asizibe masikio kanisani. Akifika ujana amekariri salamu, anaiga kicheko cha wenzake, na anapima muda wa kumtazama mtu usoni kabla ya kugeuka. Kwa nje haonekani kuwa na shida yoyote. Jioni hana nguvu hata ya kuitikia hodi. Utafiti uliofanywa hasa Ulaya na Marekani umeuhusisha mtindo huu wa kujificha na wasiwasi, sonona na mawazo ya kujiua. Mwenye ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu, naye huwa na msimamizi wake, yule anayemwita mvivu kabla mwalimu hajamwita.

Soweto East humwongezea msimamizi huyu wa kujificha kazi. Ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, upande wa Laini Saba na Silanga, na nyumba zake nyingi za zamani ni chumba kimoja cha kama futi kumi kwa kumi, kuta za udongo au mabati, pazia likitenga kitanda na mahali pa kupikia. Mabati hayazuii redio ya jirani, wala kilio cha mtoto wa chumba cha tatu, wala spika za mkesha wa Ijumaa. Mvua kubwa ikinyesha, watu huacha kuongea mpaka ipungue, maana hawasikizani. Ongeza moshi wa makaa na harufu ya mtaro. Mtu ambaye ubongo wake hauchuji sauti na harufu hana kona ya kukimbilia, na familia nzima inamwona anapozidiwa.

Hapa ndipo tiba hii inapoweza kudhuru ikitumiwa bila maarifa. Mshauri asiyeujua usonji humwona kijana ameziba masikio, akadhani ni sehemu changa iliyojeruhiwa, akaanza kutafuta jeraha. Huenda jeraha halipo. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, uliingiza wepesi au uzito wa hisi kupita kawaida miongoni mwa dalili za usonji zenyewe. Kupepea mikono si mzima moto wa kutulizwa hadi aache. Ni namna mwili unavyojipanga. Jeraha, kama lipo, liko katika kilichofuata: kofi alilopigwa kwa kuziba masikio, au jina la utani alilopewa na watoto wa ploti. Kumpa mtu pamba za masikio na kumchagulia saa tulivu ya mazungumzo hutangulia mengine yote, na wakati mwingine hupunguza sehemu ya kile kilichoonekana kuwa tatizo la nafsi.

Mazingira hayo pia hubadilika kwa amri ya mipango. Chini ya mpango wa serikali na UN-Habitat wa kuboresha mitaa ya mabanda, familia za Soweto East zilianza kuhamishiwa Lang'ata mwezi Septemba 2009, kwenye nyumba za ghorofa zenye vyumba vitatu ambazo familia kadhaa zilishirikiana jiko na choo. Mwaka 2016 nyumba mpya 822 zilikabidhiwa palepale Soweto East. Kwa wengi yalikuwa maendeleo ya kweli. Kwa mtoto aliyekariri njia ya msalani na sauti ya kila mlango, hata uhamisho mwema hufuta ramani yote kwa siku moja, na sehemu inayogoma kupanda ngazi haina ukaidi wowote.

Kizuizi kingine kiko katika maelekezo ya tiba. Vitabu vingi humtaka mtu afumbe macho, atazame ndani, aseme anamwona nani na anahisi nini. Takriban nusu ya watu wenye usonji hupata shida kuzitambua na kuzitaja hisia zao, hali iitwayo aleksithimia. Kwa watu wengine ni kama mmoja kati ya ishirini. Wapo pia wasioweza kujenga picha yoyote akilini. Hali hiyo ilipewa jina la afantasia mwaka 2015 na Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza. Mtu wa namna hiyo akiulizwa anaona nini, atajibu kwamba anaona giza, na atakuwa amesema kweli. Mwingine atachukua maneno yalivyo na kutaka kujua hizo sehemu zinakaa tumboni au kichwani.

Dawa ya hayo ni kuzitoa sehemu nje ya kichwa. Visoda vinatosha, na Kibera haviadimiki. Kisoda chekundu ni yule anayetaka kukimbia, cha njano ni anayechekacheka na wageni, kilichobonyea ni yule wa darasa la tatu ambaye hakuna anayemtaja. Mwenyewe huvipanga juu ya mkeka, huvisogeza, hukifunika kimoja kwa kingine, na mshauri huuliza juu ya kisoda badala ya kudai jina la hisia. Jibu linaweza kuwa kidole tu, au ujumbe ulioandikwa kwenye simu, jambo linalosaidia pia katika chumba ambacho jirani husikia kila neno.

Lugha ya sauti za ndani ina hatari nyingine. Utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na Joseph Gona wa kituo cha utafiti cha Kilifi, ulionyesha kwamba wazazi na wataalamu huueleza usonji kwa sababu za aina mbili: pepo wabaya, uchawi na laana kwa upande mmoja, maambukizi, matatizo ya uzazi, utapiamlo na kurithi kwa upande wa pili. Nairobi imejaa watu kutoka pande zote za nchi, na maelezo hayo husafiri nao. Mshauri akitamka bila uangalifu kwamba "kuna mwingine ndani yako", familia inaweza kumpeleka kijana kwenye maombi ya kutoa mapepo wiki hiyohiyo. Ni salama zaidi kuanza na usemi ambao kila mtu anautumia, kwamba moyo mmoja unataka kwenda na mwingine unataka kubaki.

Ushahidi wa tiba hii bado ni mwembamba. Jaribio linalotajwa sana, la mwaka 2013, liliwahusu wagonjwa 79 wa baridi yabisi nchini Marekani, wala si watu wenye usonji. Hata hivyo Nairobi imekwisha kuonyesha kwamba msaada wa nafsi hauhitaji kungoja madaktari bingwa. Katika eneo la Dagoretti, ambamo Kawangware imo, wahudumu wa afya wa jamii walifunzwa mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya vikao 5, na jaribio la wanawake 421 lililochapishwa mwaka 2017 liliona nafuu kwa waliohudumiwa. Huko Kibera, mtafiti Tom Osborn na wenzake walijaribu vikao vya vikundi kwa wanafunzi 51 wa sekondari, vikiongozwa na vijana wasio wataalamu. Mbinu hizo mbili si tiba ya sehemu, wala hazikutungwa kwa ajili ya usonji, lakini zinaonyesha nani anaweza kufunzwa kutofautisha sehemu inayolinda nafsi na umbile la ubongo.

Kwa mtoto asiyeongea wala kuweza kujibu kwa ishara au maandishi, njia hii haifai. Yeye anahitaji picha za mawasiliano, mtaalamu wa usemi na darasa linalomfaa, kama kitengo cha usonji cha City Primary School huko Ngara. Mwenye kufaidika nyumbani kwake huwa mama, ambaye mara nyingi hubebeshwa lawama ya ukoo. Ana sehemu inayomficha mtoto wageni wakibisha, nyingine inayomfokea, na nyingine inayolia usiku kwa sababu ya kufoka. Vikao vyake havihitaji mtoto aseme neno. Huanza na ile inayomficha, kwa swali kuhusu inachoogopa kitatokea mlango ukiachwa wazi.